Kelele Nyuma ya Sauti ya Nakiete

1

Asubuhi ya siku ya kufungua ndiva, sauti ya Nakiete ilitoka kwenye spika kama trekta linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Maneno yalikuwa mazito, yamevutika, na ndani yake mlikuwa na mpasuko mdogo mdogo usiokoma, kama bisi kwenye sufuria iliyofunikwa.

Alikuwa amesimama mbele ya lango la ndiva, bwawa letu la kale linalokusanya maji ya mlima, na watu wote wa Mavuga walikuwa nyuma yake kwenye ukingo wa nyasi. Koo, kisanduku nilichomtengenezea kwa mikono yangu, kilining'inia kifuani mwake kwa mkanda mpya wa ngozi. Alikuwa ameandika kwenye kioo chake maneno saba tu: Mimi ni Nakiete, mtunza maji wa Mavuga. Kazi ya Koo ilikuwa kuyasema maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyokuwa nayo kabla madaktari hawajamwondolea koo la nyama miaka kumi na tisa iliyopita.

Sikio la lango, duara la shaba lililopachikwa kwenye ukuta wa saruji, lilisikiliza. Kisha likasema:

"Sauti haitambuliki. Ulinganifu asilimia thelathini na moja. Yamebaki majaribio mawili."

"Shemeji," akasema Zakayo, mpiga pembe wetu na kaka wa mke wangu, akinisogelea, "huyo aliyesema ni nani? Nilidhani Nakiete amemeza fahali."

Hakuna aliyecheka. Nakiete aligeuka akanitazama. Ana miaka sabini na minne, ni mwembamba kama fimbo, na macho yake huwa hayahitaji mashine ya kuyasemea. Akatoa kibao na chaki kwenye mkoba wake, akaandika: Eli, umelifanya nini?

"Tutaliangalia," nikasema. Sikusema uongo. Lakini pia sikujibu.

Zamani watu wa Mavuga walipigana kwa majembe kwa ajili ya zamu za maji. Tulipochoka kuzikana, tuliweka Sikio. Lango lisifunguliwe kwa ufunguo wala kwa cheo cha mtu, bali kwa sauti ya mtunza aliyeapishwa, mchana kweupe, mbele ya watu, kila mwanzo wa msimu. Watunza walikuwa watatu. Wawili tumewazika. Leo Nakiete, wa mwisho, alitakiwa kufungua maji ya vuli na kuwaapisha watunza wapya ili Sikio liwajue. Na Mkataba wa maji ulisema wazi: siku ya ufunguzi ikipita bila mtunza kutambuliwa, lango litakuwa chini ya Shirika la Maji ya Bonde. Mabomba ya Shirika yalikuwa yameshafika chini ya mlima. Unaweza kuyaona kutoka ukingoni, meupe, yamepangwa kama mifupa.

Shirika lilikuwa limemtuma Injinia Tumsifu awe shahidi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kofia ya bluu ya kazini.

"Shikamoo, Mzee Mrutu."

"Marahaba."

"Pole sana. Muda ni mpaka saa kumi na mbili jioni. Na sharti ni kwamba kifaa cha mtunza kisitoke machoni mwangu."

"Basi twende wote karakanani, mwanangu. Nitakupa kiti. Hutakikalia muda mrefu."

Ndivyo nilivyosema, na saa ilikuwa tatu na robo asubuhi.

2

Mimi sikusoma shule ya mchana. Mchana nilibeba tangawizi. Nilisoma jioni, kwenye madarasa ya watu wazima pale shuleni Mavuga, kwa taa za jua zilizokuwa zikififia kabla ya somo la hesabu kwisha, na Nakiete alikuwa dawati la mbele yangu. Nilipata cheti cha ufundi nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Kimetundikwa juu ya benchi langu la kazi, na kioo chake nakifuta kila Jumamosi.

Fundi asiyejua huanza kwa kulegeza skrubu. Mimi huanza kwa maswali, moja baada ya jingine, kama nilivyofundishwa.

Swali la kwanza: je, spika imepasuka? Niliichomoa kwenye Koo nikaiunganisha na redio. Mtangazaji wa hali ya hewa akatoka safi kabisa, akatuahidi jua. Basi spika ni nzima.

La pili: je, ni waya? Nikabadilisha waya. Trekta likaendelea kupanda mlima.

La tatu: je, ni kadi ya sauti? Koo lina kengele yake ndogo, iliyokuja na kadi kutoka kiwandani, ya kuonya kwamba betri inaisha. Nikaibonyeza. Ikalia vizuri, nyembamba, kama kijiko kwenye bilauri. Basi kadi ni nzima.

La nne: nikafungua moja ya faili za zamani, zile saa arobaini za mazungumzo ambazo Koo huchota maneno yake humo. Nakiete wa miaka kumi na tisa iliyopita akatoka anaunguruma na kupasuka.

"Mashine nzima, spika nzima, waya mzima," akasema Zakayo, ambaye alikuwa amekaa juu ya gunia na pembe yake ya tandala mabegani. "Sasa mgonjwa ni nani?"

"Kasi," nikasema.

Injinia akainua kichwa. Nikamweleza Zakayo, ingawa nilijua Injinia ndiye anayesikiliza zaidi. Kinasa sauti hukatakata sauti kama mtu anavyokatakata mchicha, maelfu ya vipande kwa sekunde moja. Anayetaka kuisikia tena lazima avitoe vipande vile kwa kasi ile ile. Akivitoa polepole, sauti inakuwa nzito na ndefu. Vipande vinavyofuata vinarundikana mlangoni, vingine vinatupwa, na kila kinapotupwa kimoja unasikia mpasuko.

"Na kasi yenyewe imeandikwa wapi?" akauliza Injinia.

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa. Kwa sababu nilijua ilikuwa imeandikwa wapi, na nilijua iko wapi sasa.

Juzi Nakiete aliniletea Koo nibadilishe mkanda uliochakaa. Aliandika kwenye kibao: Mkanda tu. Ndani usiguse. Jana alasiri, mkanda ukiwa tayari, nikaona Koo linachelewa kidogo kujibu, nusu sekunde hivi. Siku kubwa kama ya leo, mbele ya watu wote na Shirika, kazi ya mkono wangu ichelewe? Nikaweka programu ya Fagio, ya kampuni moja ya mjini, inayosafisha mashine. Ikatafuta, ikasema: vitu 1,112 havijabadilishwa kwa zaidi ya miaka kumi, viondolewe? Ndiyo. Vihifadhiwe siku thelathini, au vifutwe kabisa? Mimi si mtu wa kufagia kisha nikaacha taka nyuma ya mlango. Nikabonyeza: kabisa.

Sasa nilifungua taarifa ya Fagio, nikiwa nimewapa wenzangu mgongo, nikaisoma mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa 874 nikalikuta. Jedwali la kinasa.

Kinasa kile nilikiunda mwenyewe, wiki mbili kabla ya Nakiete kwenda hospitali, kwa kristali, kile kidude kinachoshika kasi, niliyoitoa kwenye redio ya upepo ya walinzi wa msitu. Hakikukata sauti kwa kasi ya kiwanda chochote. Kilikuwa na kasi yake. Niliipima, nikaiweka kwenye jedwali lile, na sikuiandika mahali pengine popote, hata kwenye madaftari yangu, ambamo naandika mpaka joto la kila asubuhi. Sababu yake naitaja sasa bila kujificha: mafundi wa mjini walikuwa wameanza kuja kuangalia Koo, na sikutaka waniibie kazi yangu. Baadaye nilikivunja kinasa, vipuri vikaenda kwenye mashine ya kukaushia tangawizi, na kristali ikaungua humo.

Koo lilipokosa jedwali, lilichukua kasi ya chini kabisa ya kadi, vipande 32,000 kwa sekunde. Kasi ya kweli ilikuwa juu ya hapo. Kiasi gani, hakuna aliyejua duniani, hata mimi niliyeisahau. Ningeweza kupandisha namba kwa kubahatisha mpaka nisikie inafanana. Lakini Sikio haliridhiki na kufanana. Linataka asilimia tisini na tano, na masikio yangu yana miaka sabini na sita.

3

Nikiwa bado nimeduwaa, Fagio ilijifungua yenyewe kwenye kioo. Maandishi ya kijani, yenye adabu sana:

Sauti zilizohifadhiwa zina kasoro za asili. Bonyeza NG'ARISHA zitengenezwe upya. Sauti za awali zitafutwa.

Chini yake kulikuwa na mfano wa kusikiliza. Nikaubonyeza kabla sijafikiri.

"Mimi ni Nakiete, mtunza maji wa Mavuga," ikasema karakana nzima.

Ilikuwa sauti nzuri. Laini, safi, haina mkwaruzo hata mmoja.

Zakayo akasimama. "Haya! Bonyeza, shemeji! Unasubiri nini? Twende tukafungue maji, watu wana njaa kule."

Nikamgeukia Injinia. "Sikio litaikubali hii?"

Akavua kofia, akaipakata. "Litaikubali, mzee. Wameifundisha kwa masikio ya aina hii hii. Inatengeneza sauti ambayo Sikio linapenda kuisikia. Utapata tisini na saba, hata na nane."

"Na Mkataba?"

"Mkataba unasema sauti ya mtunza. Hausemi imepikwa wapi. Mimi sitaweka pingamizi."

Nakiete alikuwa ameshaandika. Akageuza kibao ili tusome: Huyu hajawahi kupanda mlima na debe la maji. Akafuta kwa kiganja, akaandika tena: Mwambieni ashuke kifuani kwangu.

"Dada," akasema Zakayo, "ni kwa leo tu! Kesho utamfukuza."

"Hakuna kesho," nikasema. "Imeandikwa hapo, za awali zitafutwa." Na nikaendelea, maana wazo lilikuwa linanijia huku nikisema. "Halafu fikiri, Zakayo. Kama Fagio inaweza kumpikia Nakiete sauti ya kufungua lango, itashindwa nini kumpikia mtu mwingine sauti hiyo hiyo? Leo tukilizoesha Sikio sauti iliyopikwa, tumempa ufunguo kila mwenye programu hii."

Injinia Tumsifu aliangalia chini, kwenye kofia yake aliyokuwa ameipakata. Nilielewa kwamba wazo hilo halikuwa geni kwake.

Hayo niliyosema yalikuwa kweli. Lakini kidole changu bado kilikuwa juu ya kitufe, na niseme kwa nini. Maneno yale, kasoro za asili, yalikuwa yananibembeleza. Nikibonyeza, mashine yenyewe ingeandika kwamba sauti zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Hakuna ambaye angeuliza habari za jana alasiri. Lango lingefunguka saa nne asubuhi, Mavuga ingekula vuli hii, na Mzee Elieskia Mrutu angebaki fundi asiyekosea. Nikisitisha, ningekuwa na saa nane za kutafuta namba ambayo huenda isipatikane, na kijiji kizima kingelipa kwa ajili ya unadhifu wangu.

Nikaangalia juu, kwenye cheti. Kioo kilikuwa kinang'aa. Ndani yake nikamwona Nakiete nyuma yangu, amekaa wima kama alivyokuwa akikaa darasani, anasubiri.

Nikatoa kidole.

"Dada Nakiete. Jana nilisafisha ndani ya Koo. Uliniandikia nisiguse, nikagusa. Nimefuta jedwali la kasi, na sina nakala. Sauti yako haina kasoro yoyote. Kasoro ni mimi."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo, tik, tik, tik.

Nakiete aliandika polepole, chaki ikilia: Nilikuandikia.

"Uliniandikia."

Akafuta. Akaandika tena, safari hii kwa herufi kubwa zaidi: Haya, tengeneza.

Nilinyoosha mkono kuifunga Fagio. Hapo ndipo nikaona mistari midogo chini ya kile kitufe cha kijani, ambayo nilikuwa sijaisoma. Kelele zitakazoondolewa: kikohozi 212. Jogoo 31. Mlango 9. Pembe 1.

Nikaisoma tena. Pembe 1.

"Zakayo," nikasema, "hiyo pembe uliyobeba, umekuwa nayo tangu lini?"

4

Tuliipata kwenye saa ya thelathini na tatu ya sauti zile. Nakiete alikuwa anaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akipika makande, na nyuma yake, mbali, kitu kikalia kama ng'ombe anayeota ndoto mbaya.

"Hiyo ni mimi!" Zakayo akaruka. "Siku ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mfereji! Nilikuwa naita watu. Sikiliza mwishoni navyokata! Hakuna mwingine anayekata hivyo."

"Na hukubadilisha pembe?"

"Nibadilishe pembe ya baba yangu? Shemeji, una homa?"

Wazo lilikuwa jepesi, hata Zakayo alilielewa mara moja. Sauti ya Nakiete ya zamani haipo tena duniani ya kulinganisha nayo. Lakini pembe ipo. Ndani ya kumbukumbu imeshushwa kwa kiasi kile kile alichoshushwa Nakiete. Tukijua inavyolia humo na inavyolia kweli, tofauti yake ndiyo namba yetu.

Kilichokosekana ni kipimo. Kabla sijauliza, Injinia Tumsifu alikuwa ameweka kwenye benchi kifaa kidogo cha kijivu, cha kusikilizia mabomba yanayovuja.

"Kinahesabu mitetemo kwa sekunde," akasema. "Mkataba haunikatazi kuazimisha kipimo."

"Wakubwa wako watasema nini?"

"Nitawaambia kilivyo, mzee. Kwani wewe umefanyaje sasa hivi?"

Pembe ya ndani ya Koo: mitetemo 160. Tukatoka nje, jua la saa saba likiwaka. Zakayo akapanua miguu, akajaza kifua, akapiga mpaka mbwa wa mtaa wa chini wakajibu. Kipimo kikasema 210. Nikachukua penseli. 210 gawa kwa 160, zidisha kwa 32,000. Vipande 42,000 kwa sekunde.

Nikaandika jedwali jipya, nikaliweka, nikawasha. Mpasuko wote ukakoma. Sauti ya mwanamke ikatoka, wazi, yenye uhai.

"Huyo!" nikapiga kelele. "Huyo hapo! Twendeni!"

Nilitangulia njiani kama kijana. Nakiete alinivuta shati mara mbili na sikugeuka. Mbele ya watu wote nikamwelekeza asimame, akanitazama sana, akabonyeza.

"Sauti haitambuliki," likasema Sikio. "Ulinganifu asilimia themanini na nane. Limebaki jaribio moja."

Minong'ono ikapita kwenye nyasi. Ndipo nikasoma kibao alichokuwa akinionyesha tangu karakanani: Subiri. Huyo ni mdogo wangu Naetwe.

5

Kukosea mara mbili kwa siku moja kunamfundisha mtu kukaa kimya. Nilirudi kwenye benchi nikakaa kimya. Nikasikiliza tena kipande kile chote, safari hii si kwa ajili ya pembe, bali kwa ajili ya Nakiete, kama nilivyopaswa kufanya tangu asubuhi. Sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo kuliko inavyotakiwa. Kidogo sana. Makande, maharage, moshi wa kuni. Pembe ikalia. Na baada ya pembe akacheka, akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyapita bila kuyasikia:

"Zakayo huyo. Na baridi hii, midomo itamgandia kwenye pembe."

Baridi.

Mwalimu wetu wa sayansi wa jioni alituambia siku moja, akiwa amejifunga blanketi, kwamba sauti inatembea polepole kwenye hewa ya baridi, na ndiyo maana filimbi ya asubuhi huimba chini kidogo ya filimbi ya mchana. Nilikuwa nimeandika. Mimi naandika kila kitu, isipokuwa ile namba moja.

Nikavuta madaftari ya joto. Miaka kumi na tisa nyuma, mwezi wa saba, siku ya msaragambo, asubuhi: nyuzi kumi na moja. Leo mchana, nyuzi ishirini na sita. Tulikuwa tumeipima pembe ya jua tukailinganisha na pembe ya baridi.

"Ningeweza kupiga hesabu," nikamwambia Injinia, "lakini leo sitaki kukadiria tena. Nataka kuisikia."

"Utapata wapi nyuzi kumi na moja saa hizi?"

Nakiete alishaandika: Ghala la tangawizi.

Ghala la ushirika lina chumba cha baridi cha kuhifadhia mbegu. Tuliomba joto lishushwe mpaka kumi na moja, tukaingia watu wanne na pembe moja, tukafunga mlango, tukakaa juu ya makreti katikati ya harufu kali ya tangawizi. Pembe tuliilaza chini, ipoe mpaka ndani. Nusu saa nzima. Injinia alivaa gunia mabegani. Nakiete alikaa wima, mikono kwenye mapaja.

"Nikifa humu," akasema Zakayo meno yakigongana, "mniandike kwenye ile saruji ya majina ya watunza pale langoni."

"Tutaandika ulikufa kwa kulalamika," nikasema.

"Wewe unacheka, shemeji, lakini aliyeleta fagio si mimi."

"Ni mimi. Piga sasa. Fupi, usiipashe moto kwa pumzi."

Akapiga. Kuta za bati zikatetemeka. Akapiga tena, na mara ya tatu. Kipimo kilisema 205, 205, 205.

Nikaandika namba juu ya kreti kwa chaki ya Nakiete. 205 gawa kwa 160, zidisha kwa 32,000. Vipande 41,000 kamili. Nilipoiona, niliikumbuka, kama unavyomkumbuka mtu ukishamwona usoni. Ndiyo yenyewe. Nilikuwa nimeifurahia siku ile kwa sababu ya sufuri zake.

Lakini sikusema twende. Niliiweka, nikampa Nakiete Koo na spika ya sikioni.

"Sikiliza wewe kwanza. Mimi nimeshakosea mara mbili."

Akaandika kitu kwenye kioo ambacho hatukukiona, akakisikiliza peke yake. Akakisikiliza tena. Mkono wake ukapanda mpaka kwenye kitambaa anachojifunga shingoni, ukakaa hapo. Kisha akachukua kibao.

Ni mimi.

6

Saa kumi na moja na nusu watu walikuwa bado ukingoni. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Kabla ya Nakiete kusogea, nikasimama mbele ya Sikio, nikawaambia wote kwa sauti: kilichoharibika leo nilikiharibu mimi, jana, baada ya kukatazwa. Na kilichopatikana, kimepatikana kwa pembe ya Zakayo, kipimo cha Injinia na masikio ya Nakiete. Nilisema yote.

Nakiete akapita mbele. Akabonyeza.

"Mimi ni Nakiete," likasema Koo, na wazee wote ukingoni wakainuka kwa pamoja, kwa sababu alikuwa ni yeye, yule yule aliyekuwa akitugombeza kwenye zamu za mfereji, na mkwaruzo wake, na kikohozi chake kidogo katikati. "Mtunza maji wa Mavuga."

Sikio likasikiliza.

"Ulinganifu asilimia tisini na tisa. Karibu, mtunza Nakiete."

Chuma kikaguna ndani ya ukuta, lango likapanda, na maji ya ndiva yakatoka kwa kishindo, ya rangi ya chai, yakajaza mfereji mkuu, yakagawanyika kwenye matuta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zakayo akapiga pembe mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Watunza wapya watatu wakaitwa, wakaapa mmoja mmoja, na Sikio likawapokea. Injinia Tumsifu akaandika kwenye karatasi yake saa na dakika, akatia sahihi, akavua kofia akaja kunipa mkono kwa mikono miwili.

"Hongera, mzee. Nitaandika pia habari za ile Ng'arisha. Masikio ya aina hii yako mengi mabondeni."

"Andika, mwanangu. Andika kila kitu."

Nakiete akanigeukia. Akaandika kwenye Koo, akaongeza sauti mpaka mwisho ili hata wa nyuma wasikie:

"Elieskia Mrutu, darasani ulikuwa unaficha daftari lako kwa kiwiko nisikuibie majibu. Mpaka leo unaficha?"

Kijiji kizima kikacheka, na mimi nikacheka nao mpaka machozi. Alikuwa amesema kweli, na kwa sauti yake.

Kando ya lango mafundi walikuwa wametandaza saruji mbichi na kuandika humo majina ya watunza wapya. Nikaomba msumari. Chini ya majina yale nikaandika, kwa tarakimu kubwa, kila mtu aone, na wa mjini wakija waone pia: Kinasa cha Nakiete, vipande 41,000 kwa sekunde. Kisha nikasimama pale, miguu ndani ya maji ya mfereji, nikingojea saruji ikauke.